Mheshimiwa Ngo-ngo-ngo

Jumamosi, 15 Juni
Tumefika bondeni kwao. Kampeni ya tatu hii. Mume wangu Namsrai amevaa joho jipya la buluu, na lebo ya duka bado inaning'inia kwapani. Nimenyamaza. Akipunga mkono, wapiga kura watajua bei.

Alikuwa mwalimu wa jiografia, akawa mkuu wa wilaya, sasa ana miaka minane bungeni Ulaanbaatar. Jiografia ya kwao imemtoka. Leo kwenye hema la mzee Gombo amebisha mlango. Ngo-ngo-ngo! Mtoto wa mfugaji! Huku mtu husimama mbali akaita, "Shikeni mbwa!" – hata kama hapana mbwa. Mzee akauliza toka ndani kama ni polisi.

Mwacha asili ni mtumwa, wanasema. Wangu ni mbunge.

Jumatatu, 17 Juni
Habari imetutangulia kwa pikipiki. Mpinzani wake, Khorloo, daktari wa mifugo, hahutubii tena. Anagonga meza mara tatu, watu wanavunjika mbavu. Sasa wanamwita mume wangu Mheshimiwa Ngo-ngo-ngo. Yeye anasema ni propaganda. Nikamwambia propaganda huwa ni uongo. Chai yake ya chumvi ikapoa, hakuigusa.

Jumatano, 19 Juni
Mambo yameharibika. Mama mkwe amewaambia majirani kura yake ni ya Khorloo. Eti Khorloo alikuja kumtazama wakati wa baridi. Na mama mkwe akielekea upande mmoja, bonde zima huelekea huko. Bila bonde hili hakuna ubunge.

Namsrai anasema mama anatania. Baadaye akaniuliza kwa sauti ndogo, mara ya mwisho alikwenda kwake lini. Nikamwambia atazame picha za kampeni iliyopita.

Ijumaa, 21 Juni
Anafanya mazoezi! Mbele ya kioo cha gari: "Shikeni mbwa!" Kwa sauti ya jukwaani. Nikamwambia, baba, unamwita mwenye hema, humhutubii mbwa. Akarudia. Dereva akakohoa kuficha kicheko. Nampenda sana akiwa hivi, ila simwambii, atavimba kichwa.

Jumanne, 25 Juni
Kwa mama mkwe. Gari tumeliacha mbali, tukaja kwa miguu. Lebo nimemkatia mwenyewe. Akasimama vizuri, akaita, "Shikeni mbwa!" Safi kabisa, kama baba yake. Kisha akaona aongeze utamu, aonyeshe kwamba anakumbuka jina la mbwa wa mama: "Mama, mshike Basar!"

Laiti angeishia pale pa kwanza.

Halafu mama mkwe, bila kufungua:
"Basar alikufa Februari, mwanangu. Khorloo ndiye aliyemshika, mpaka roho ikamtoka."

Mkono wa Namsrai ukainuka wenyewe kuelekea mlangoni, akauona, akaushusha. Sasa amekaa chini, joho jipya kwenye vumbi. Mimi nimeegemea mkokoteni, naandika, maana nikimtazama nitalia. Dereva anapiga honi kule, mkutano unatungoja. Namsrai hageuki.

Mama mkwe hajasema ingia, hajasema nenda. Moshi unatoka. Chai inachotwa na kumiminwa tena sufuriani, inachotwa na kumiminwa. Sasa anapanga mabakuli, nasikia. Moja.

Nangoja kusikia la pili.