Fremu iliyokuwa inaimba

Gasto, upo? Rafiki yako kaaibika leo Utemini, hata sijui aanzie wapi.

Si unamjua Noel, yaani mimi, mtaalamu wa baiskeli za resi? Kakuta fremu mbili za chuma zimetundikwa nje ya duka la mama Emiliana. Zimefanana kama mapacha.

Mtaalamu akasema chuma kizuri hujulikana kwa sauti. Akaigonga ya kwanza kwa ufunguo, kimya. Akaigonga ya pili, akatega sikio kwenye bomba. Inavuma! Akawatangazia wateja wote, "Mnasikia? Hii inaimba!"

INAIMBA, Gasto. Nilisema inaimba.

Wakatoka nyuki. Mwanaume mzima akatimua mbio, kajifunika uso na shati, anapiga kelele mpaka kwa wauza vitunguu.

Kurudi dukani, mama Emiliana kacheka mpaka kakaa chini. "Mwanangu, hao ni nyuki wadogo, hawaumi! We si mtoto wa mzee Naftali, yule wa mizinga kule Mgori?"

Nikasema hapana.

Nimemkana baba yangu, Gasto. Na jogoo wa mteja mmoja, aliyefungwa kwenye keria, akawika hapo hapo.