Tangu Figo Zichoke, Bwana Wangu Amekuwa Mpole

Mama Bwalya mpendwa wa redio, nisaidie, maana jambo hili nimelificha na sasa limenielemea. Nina miaka sitini na miwili, naishi Katuba, na bwana wangu Léonard alifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia shaba miaka thelathini na mmoja, mpaka nchi ilipoharibika, mishahara ikakatika, maduka yakaporwa, akarudishwa nyumbani akiwa na karatasi moja tu ya kuachishwa kazi, na tangu siku hiyo akawa mtu wa hasira, anagombana na majirani, anagombana na mimi, hata sahani anazitupa. Miezi mitatu iliyopita miguu ilimvimba, daktari akasema figo zimechoka kwa uzee na moshi wa miaka mingi, akakataza chumvi, nami nikatii kabisa, chumvi ya duka haikuingia tena katika sufuria yangu, nikawa namkolezea mboga za lengalenga kwa maji ya majivu, yale tunayoyachuja wenyewe, kama alivyonifundisha marehemu mama yangu.

Sasa bwana wangu amekuwa mpole. Anakaa uani mchana kutwa, macho nusu wazi, anatabasamu, anasema tanuru limewashwa tena na rafiki zake wanapita na kofia zao za kazi, ananishika mkono na kuniambia, "Julienne, tuende kucheza, uvae ile robe ya bleu." Mama, gauni hilo nililivaa tulipooana! Miaka kumi hakuniita kwa jina. Nakaa karibu naye, jua linatuangukia sote wawili, mpaka hata mimi naona kama zile kofia zinapita, na nasikia raha. Lakini binti yetu Wivine ananigombeza: "Mama, papa iko mugonjwa sana. Tangu juzi hakule kitu, na kukojoa ni kidogo tu. Tumupeleke kwa docteur." Naogopa daktari atanirudishia yule wa sahani. Je, ni dhambi kumwacha aote?

Julienne, Katuba

Mama Julienne, kama redio yako iko wazi, usiizime, barua za wengine nimeziweka pembeni. Nakuhurumia. Miaka kumi bila kuitwa jina ni njaa, na ulipopewa ukala, nani asingekula? Lakini nitakugombeza pia, kwa sababu hiyo si ndoto. Nimemuuliza muuguzi Germaine, akanieleza hivi: mwili ukitumia chakula na hewa unaacha masalia makali yanayoumiza viungo; kijana anayazima, mzee anashindwa, na aliyevuta moshi wa tanuru anashindwa zaidi, na figo zinaumia. Zikichoka, uchafu unabaki katika damu, mtu anasinzia, anaona watu wasiokuwepo. Bwana wako anakuaga, mama, na mwenyewe hajui.

Na hayo maji ya majivu! Ulidhani si chumvi kwa kuwa hayatoki dukani. Ni chumvi, tena ya aina ambayo figo zilizochoka haziwezi kuitoa, na ikizidi, moyo unasimama. Hukukusudia ubaya, na hakuna aliyekuuliza unapika na nini. Yamwage sasa hivi, bakiza kidogo kwenye chupa umwonyeshe daktari, useme kweli bila haya. Wala usimpe dawa ya mizizi ya jirani au vidonge vya kurudisha ujana.

Wivine, binti yangu, tafuta baiskeli, mkalishe baba yako, umpeleke hospitali apimwe damu leo hii. Najua madaktari hawalipwi siku hizi, lakini wapo.

Siwezi kukuahidi kwamba atapona, Julienne. Akipona, ataamka na hasira zake, na safari hii usinyamaze. Mwambie umechoka kuokota vigae vya sahani. Mwambie unataka kuitwa jina lako na mtu aliye macho. Hayo unaweza kumwambia aliye hai tu. Zima redio, uende.