Mume Wangu Asema ni Mawese

Mshauri, niwie radhi kwa kukaa kimya tangu uliponisaidia tukamkubali Shadia aolewe na mwanangu Salumu; ndoa imetulia, lakini sasa naomba msaada kabla sijawa mjane. Mume wangu Nurudini, mwenye miaka sitini na mmoja, anauza vitenge hapa Kasulu, na tangu mavuno ya maharage anatokwa na damu chooni, nilipoiona akasema ni mawese ya mboga, basi nikapika kwa alizeti, wekundu ukabaki palepale, ndipo akahamia kwenye bawasiri na kununua dawa ya unga mnadani, na sasa suruali zinamvuka, leo anafunga choo, kesho anaharisha, akitembea kidogo anahema. Tabibu wa karibu ni huyo mkwe wetu Shadia, nami nilipomtaja alinijia juu: "Mama Salumu, nimweleze mke wa mwanangu habari za choo changu? Halafu sikukuu ya Idi anipakulie pilau akinitazama vipi?" Nifanye nini?

Mama Salumu, Kasulu

Mama Salumu, pole. Sasa msomee mumeo haya kwa sauti. Mawese hayakondeshi mtu. Nawe ulipobadilisha mafuta na wekundu ukabaki, ulikuwa umekwisha kupata jibu, ulingoja nini?

Sisemi kwamba ana saratani ya utumbo mpana. Huenda ni bawasiri kweli, lakini hilo haliamuliwi na mwuza dawa wa mnadani wala nami gazetini. Damu katika kinyesi, choo kilichobadilika kwa majuma mengi, kukonda bila sababu, kuhema kwa kupungukiwa damu: kwa mtu wa umri wake, dalili hizi zapasa kupimwa upesi. Wengine huumwa tumbo, au huhisi choo hakijaisha. Wengine hawahisi chochote mwanzoni. Saratani hii ikigunduliwa mapema mara nyingi hutibika. Ikiachwa husambaa, wala haimwonei haya mkwe.

Heshima yake siibezi. Lakini nani alimwambia kwamba Shadia ndiye tabibu pekee? Mpeleke hospitali Kibondo, aombe daktari mwanamume, aseme kila kitu, akubali kupimwa kwa kidole njia ya haja kubwa, na akiandikiwa rufaa ya kamera ya utumbo, aende. Akipewa vidonge vya kuongeza damu tu, ulizeni damu inapotelea wapi. Ile dawa ya unga aitupe. Damu ikimtoka kwa wingi, au tumbo likivimba akatapika na kukosa choo, nendeni saa hiyohiyo.

Mshauri, nimemsomea. Alinipa mgongo, akawa anakunja kitenge kilichokwisha kukunjwa. Kisha akauliza, "Huyo daktari wa Kibondo hana binti aliyeolewa kwetu?"

"Hana, baba Salumu. Vaa viatu."

Tulikwenda. Daktari hakukipenda alichokigusa. Ameandika rufaa ya kamera. Mume wangu anasema atafikiri. Leo Shadia amekuja bila kuitwa, ameketi naye uani tangu adhuhuri, wanazungumza kwa sauti ya chini, nami nimekatazwa kusogea. Wakiamua, nitakuandikia.