Kamera Siirudishi

Haydom,
Julai 2009

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, na kile kikohozi cha baridi ya huko kwetu Daudi kimekuachia. Mama naye mgongo unaendeleaje? Mwambie asijitwishe ndoo wakati punda wapo. Mimi ni mzima, nakula, nasali, na kazi inakwenda. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ukikasirika unakata. Tafadhali vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe Baba mdogo Hermani akusomee, maana yeye huongeza chumvi.

Ujumbe wako ameuleta yeye huyo huyo. Amesema unaagiza nirudishe kamera dukani, kisha nimkomboe ng'ombe wangu aliyekuwa kwa Mzee Gidabuday kule Getanuwas, na yote yawe yamekwisha kabla wazee wa kwao Basili hawajafika kwako kuleta posa. Nikikataa, nisikanyage nyumbani. Nimekusikia, Baba. Kwa heshima yote, kamera siirudishi. Nalisema mapema ili usisome mpaka chini ukitafuta mahali nitakapolegea.

Unajua nilivyokuwa nikifanya kazi na ile kamera ya mkanda. Nilipiga arusi, mkanda ukapanda basi kwenda Arusha kusafishwa, na bibi arusi akakaa akisubiri kujua kama alifumba macho. Mara nyingi alikuwa amefumba. Sasa wamekuja vijana wenye kamera za dijitali, mtu anajiona papo hapo, na hata wagonjwa wanaoshuka kwenye mabasi ya hospitali wakitaka picha ya pasipoti wananipita mlangoni. Nilikuwa nimebaki na wateja wazee wanaonionea huruma. Huruma haijazi chungu, Baba, na mimi kazi hii naiweza. Nilikataa kufa nayo.

Basi nikaenda Arusha. Nilitaka ile kubwa, ya kubadilisha lenzi, ambayo ukichungulia unaona kile kile lenzi inachokiona. Muuzaji aliponiona na kanga yangu akanipeleka kwenye vikamera vidogo vya mfukoni, akasema hivi ndivyo akina mama wanavipenda. Nikamwambia sikupanda basi alfajiri kwa ajili ya toi. Alipoona nakagua kioo cha lenzi kwenye mwanga na kusikiliza mlio wake, aliacha utani akaanza kunihudumia kama mteja.

Shida ikaja kwenye memori kadi, yaani kile kipande kidogo kinachotunza picha badala ya mkanda. Alinishauri nichukue moja kubwa ya giga nane, arusi nzima inaingia na nafasi inabaki, sina haja ya kuhangaika kubadilisha. Watu waliokuwa dukani wote wakamuunga mkono. Nikakumbuka ule mwaka wa homa ya mapafu, zizi letu lilipobaki na kinyesi tu. Tulisimama tena kwa sababu ng'ombe wako hukuwaweka wote nyumbani, wengine walikuwa kwa rafiki zako, mmoja huku, mwingine kule Getanuwas. Nikamsimulia muuzaji habari ya ng'ombe hao, nikamwambia nataka kadi ndogo ndogo, kila moja peke yake, na ziwe za kasi, maana bibi arusi akimlisha mumewe keki hangoji kadi imalize kuandika. Akacheka, akasema wafugaji tuna mambo. Nikamwambia ndiyo, tunayo.

Arusi yangu ya kwanza ilikuwa hapa hapa Haydom. Nilipiga kanisani kwa kadi moja, nikaitoa, nikaweka nyingine kwa ajili ya ukumbini. Ile ya pili ikagoma. Nilipoichomeka kwenye kompyuta haikuonyesha kitu, hata picha moja. Nikaichomeka ile ya kanisani. Lakini viapo vilikuwepo, pete zilikuwepo, mama mzazi akilia alikuwepo. Ningeichukua ile kubwa, ningekuwa nimepoteza arusi ya watu na jina langu. Nilikwenda kwao mwenyewe nikawaambia yaliyopotea. Maharusi walinielewa. Shangazi ndiye hakunielewa, kwa sababu alikuwa amecheza na blanketi la zawadi kuanzia mlangoni hadi mbele na ukumbi wote ukamshangilia. Ilibidi nimfuate nyumbani na kamera, blanketi likaombwa kwa maharusi, akacheza upya uani mbele ya kuku. Tangu hapo ananitangaza kila mahali.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizunguka. Ni kweli nilikwenda Getanuwas nikiwa na nia ya kumuuza ng'ombe wangu. Mzee Gidabuday alinikaribisha, akanipa maziwa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ng'ombe huyo alimpokea kutoka mkononi mwako, na atatoka kwa mkono wako, si vinginevyo. Nikaondoka mikono mitupu. Baba mdogo aliniona nikitoka huko, baadaye akaiona kamera, akajumlisha. Huku kwetu mtu akiwa na kitu kipya hatuulizi amekipata wapi, tunauliza ameuza ng'ombe gani. Ng'ombe wangu yupo, Baba. Amezaa, na ndama ni jike.

Ningeweza kukutuliza kwa neno hilo tangu ukurasa wa kwanza. Sikutaka. Nilitaka kwanza uisikilize kazi yangu, usinisamehe kwa ajili ya ng'ombe.

Nilichouza ni kitanda, kabati na godoro, vyote nilivyokuwa nikikusanya kwa ajili ya nyumba ya Basili. Aliniambia hawezi kuoa mwanamke anayezunguka kwenye arusi za watu na kamera shingoni huku wanaume wakimwita awapige picha. Alisema nichague. Nilimwomba afikirie tena, akafikiria, akarudi na neno lile lile. Nikachagua. Nimelia sana, sikufichi, kwa sababu nilimpenda, na nikipita kwenye duka lake la vitunguu swaumu bado natazama upande mwingine. Lakini kuchagua nimechagua, na pete nimemrudishia mkononi mwake.

Kwa hiyo mwambie Mama asiloweke kimea kwa ajili ya pombe ya posa. Wageni hawaji. Najua aibu hii itakuuma kuliko ng'ombe, nawe ndiwe utakayeulizwa na majirani. Kwa hilo peke yake nakuomba radhi.

Nisalimie Mama, mshike mkono kwa niaba yangu kabla hujamweleza. Wasalimie majirani wote, na Baba mdogo pia, mwambie ng'ombe anamsalimu.

Jumapili baada ya ibada nitakuja nyumbani. Umesema nisikanyage hapo nikiwa na kamera, nami nitakuja nayo shingoni, mchana, kwa njia kuu, watu wakiona. Kama nitafukuzwa, usimtume mtu. Simama mlangoni wewe mwenyewe, Baba, unitazame, uniambie.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Judica Sulle