Kwaya Isiyo na Karatasi: Kumkumbuka Mwalimu Roque Mascarenhas

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya theluji, daftari la mahudhurio ya kwaya likiwa bado mkobani mwako.

Tanga ulikulia kwenye kinanda cha kanisa, mtu wa noti zilizoandikwa. Ulipopata kazi ya kufundisha muziki shuleni huku ughaibuni, Malvern, watoto waliomba gospeli, muziki wa makanisa ya Weusi. Hukuujua. "Kuuliza si ujinga," ulisema, ukaenda kukaa benchi la nyuma kanisani kwa Dada Elinaza, kiongozi wa kwaya, miezi mitatu mizima. Akakufunza: kiongozi anatoa mstari, wengine wanaitikia, kila sauti inashikwa kwa sikio. Ukazifungia karatasi zako za noti kabatini. Watoto wasiojua noti hata moja wakaimba sauti tatu, nawe ukawaeleza kwamba nyimbo hizo chimbuko lake ni watu waliofanywa watumwa.

Nyumbani ulikuwa mtani. Mama yetu alipiga makofi kwenye pigo la kwanza na la tatu, na gospeli inataka la pili na la nne. "Luiza, una haraka ya kwenda wapi?" ulimtania. Mama alinuna, akakukatia kipande chembamba cha bebinka, na keki yenyewe ndiyo uliyoipenda kuliko zote.

Ulipofariki, shule iliomba maandishi ya nyimbo zako kwa ajili ya mwalimu mpya. Bila hayo kwaya ingefungwa. Mama alipekua kila droo, hata kabati lile la karatasi zako za zamani, asipate hata ukurasa mmoja wa nyimbo za kwaya. Alilia siku ile, akasema umeondoka na nyimbo zote.

Kumbe. Mjukuu wako Danielle, ambaye ukimsemesha Kiswahili hujibu Kiingereza, siku ile alimwambia kwa Kiswahili, "Bibi, ziko kwetu." Akawaita wenzake wa kwaya, nyimbo zote wakiwa nazo kichwani. Wa sauti ya kwanza wakawafundisha wageni wa sauti ya kwanza, wa pili vivyo hivyo, mstari kwa mstari. Mwalimu mpya alikaa benchi la nyuma akisikiliza. Kwaya ipo.

Jumamosi iliyopita, baada ya misa yako, waliimba. Mama aliinua mikono, akaliacha pigo la kwanza lipite. La pili akapiga, machozi yakimtoka.

Tunaokukumbuka ni mkeo Luiza, wanao Dean na Gail, mkweo Warren, mjukuu wako Danielle na wanakwaya wako wote. Tumekukosa sana, na hatutakusahau maisha yetu yote. Mama anasema tukuambie hana haraka tena.