Makaburi ya Kaunti na Kihamba Chetu

Baba, shikamoo.

Natumaini mguu umepata nafuu na unafika kanisani bila kushikwa mkono. Mimi mzima, ila baridi ya Kanada haina adabu.

Swali lako nimelipata: mimi ndiye kitindamimba, kihamba chetu cha migomba na kahawa ni changu kwa desturi, je, narudi au sirudi? Kwanza nikueleze kaunti hii, ambayo ni kama wilaya kwetu, maana kazi yangu ni kufyeka nyasi kwenye makaburi yake.

Mzee Walter, msimamizi wangu, anasema wenyeji wa kwanza walisukumwa pembeni. Wakaja watu kutoka Uskoti na Ayalandi, wakakata msitu, wakalima viazi, wakafuga ng'ombe. Watoto wao wakafuata kazi mijini. Sasa shule zimefungwa, waliobaki wengi ni wazee, na majina ninayoyasoma kwenye mawe ya makaburi ni mengi kuliko watu ninaowasalimia. Umbali wa kutoka Njoro hadi Himo unaupita hujaona mtu.

Juzi nilitumwa kusafisha shamba lililoachwa, ili makaburi yaongezwe. Katikati nikakuta vichaka vimepandwa kwa mstari. Nikazima mashine. Nilidhani ni mpaka wa watu, kama masale yetu, na sale halikatwi ovyo. Nikakaa pembeni kumsubiri Walter.

Alicheka mpaka akakohoa. "Si mpaka huo. Hapo palikuwa mlangoni, mama mwenye nyumba alipanda maua."

"Na wenyewe?"

"Watoto walisema watarudi. Kata tu."

Nikakata. Iliniuma, Baba, sikufichi.

Kila mwaka nakwambia mwakani, nawe unaniamini. Ukweli ni kwamba sitarudi kuishi. Nyumba niliyo nayo ni hii ya huku, na wanangu hata mtori wa ndizi hawautaki. Nisamehe kwa kukuchelewesha.

Nisalimie mama. Nisalimie na baba mdogo wa Himo, ambaye najua atasema binti harithi kihamba, na atasema kwa sauti. Mwache aseme. Anayekata majani ya ng'ombe, anayepalilia kahawa na kukukanda huo mguu ni dada Aikande, si mimi wala yeye.

Aikande usimpe salamu zangu. Mpe kihamba, mbele ya ukoo, kwa maandishi, ungali hai. Nikija, nitapiga hodi kwake.

Mwanao wa mwisho,
Elia