Aliyekaa Kwenye Usukani

Jumatatu, 4 Agosti

Swala, chai, kumwagia mchicha maji, kisha simu ya mke wangu, Tatu. Nimeshazoea. Miezi mitano tangu tumzike na bado naichaji kila siku, kama vile ataiulizia.

Grupu lake la magari ya zamani, Chuma cha Zamani, limeamka na picha ya basi la zamani lenye ngazi nyuma. Swali: kwa nini ngazi iliwekwa upande wa kushoto? Wamejibu watu wengi. Sijui nani kapata. Tatu angejua. Yeye hakuwa akiandika humo. Alikuwa anajibia jikoni, anaiambia sufuria. "Wote wamekosa hawa." Kisha anaendelea kukuna nazi.

Leo nimewatumia picha yetu. Ile moja tuliyo nayo, Landrova ya baba yake, maji ya mafuriko kwa nyuma, karibu na Mohoro. Tatu kasimama kwenye bampa. Mimi nimo ndani. Binti yetu Hadija aliwahi kuipiga kwa simu hii, kwa hiyo imo. Nimeandika: "Mimi Mbonde na marehemu mke wangu, mto Rufiji ulipofurika." Basi. Nilitaka wamwone.

Jumanne, 5 Agosti

Wameipenda. Kupita nilivyodhani.

"Chuma hicho, baba we!" "Landrova 109 hiyo, si mchezo." "Tazama mzee alivyoushika usukani, dereva haswa." Shomari, mwenye grupu, muuza spea wa Mbagala, kaandika: "Mzee Mbonde, simba wa Rufiji. Heshima kwako."

Mimi sijawahi kuendesha gari hata hatua moja. Nilikuwa mtunza ghala la mpunga. Dereva alikuwa Tatu. Baba yake alipoanza kupoteza macho alimfundisha yeye, akawa anakaa pembeni na kumwelekeza kwa kusikiliza injini tu. Baadaye mzee akaacha kabisa kupanda gari. Tatu akawa anabeba mpunga wetu hadi Kibiti peke yake.

Lazima niandike hili pia. Nilifurahi. Kwa dakika tano hivi, simba wa Rufiji, nilifurahi. Kisha nikajisikia vibaya.

Nimewajibu: "Dereva alikuwa yeye." Wamecheka. Vikatuni vya kulia kwa kicheko, mstari mzima.

"Mzee anampamba mama. Mapenzi ya kizamani hayo."

"Mzee wangu, acha unyenyekevu."

Nimeizima simu.

Jumatano, 6 Agosti

Shomari katangaza. Jumamosi msafara wao wa magari ya zamani unakwenda kusini, utasimama hapa Kibiti. Wanachapa bango la picha za ajabu na maswali yake. Picha yetu imo. Swali lake: "Mama aliyesimama kwenye bampa anaonekana na kitu cheusi mkononi. Ni nini?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikakaa.

Majibu yao: bangili ya mpira. Kipochi. Mpira wa baiskeli. Halafu mmoja akaandika: "Hirizi hiyo gari lisizame. Hao Warufiji, nyie hamuwajui!" Hilo ndilo lililopendwa. Shomari naye kacheka.

Tatu hakuwahi kuvaa hirizi. Hata mtoto wetu alipougua degedege hakumvalisha.

Nimewaandikia. Ni mkanda wa feni. Ukiingia majini na feni inazunguka, inarusha maji kwenye plagi na gari linazima katikati ya maji. Alikuwa anasimama kabla ya maji, anafungua boneti, analegeza nati ya dainamo, anauchomoa mkanda, anautia mkononi usije ukapotea. Akivuka anaurudisha. Picha ilipigwa tukiwa tumeshavuka, hajaurudisha bado. Nimeandika yote kwa kidole kimoja. Nilianza baada ya adhuhuri, nimemaliza alasiri inaadhiniwa.

Jibu la kwanza: "Sawa mzee, lakini dereva si huyo hapo ndani? Alimpa mama amshikie tu."

La pili: "Kumbe mama alikuwa utingo!"

Wakaridhika. Wakahamia kwenye picha ya pikipiki.

Alhamisi, 7 Agosti

Hasira. Sikujua ninayo nyingi hivi.

Nimemwagia mchicha maji mara mbili, nimesahau kama nilishamwagia. Nimemkemea jirani kwa sababu ya kuku wake. Kuku hajafanya kitu.

Utingo. Mwanamke aliyelivusha gari lile mashimo yote ya bondeni, na magunia juu, akiwa na mimba ya Hadija ya miezi sita. Anaimba kwa kunong'ona akiingia majini. Akitoka ananyamaza. Na hawa wamekaa na simu zao na spea zao wanaulizana ngazi ya basi.

Leseni yake ingewafunga midomo. Ililiwa na mchwa, pamoja na cheti cha ndoa.

Mkanda upo. Umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, umepasukapasuka. Sina hakika kama ndio uleule wa kwenye picha. Alibadilisha mingi. Nimeamua ndio uleule.

Ijumaa, 8 Agosti

Shomari katuma picha ya bango. Limeshachapwa. Chini ya picha yetu: "Mzee Mbonde, simba wa barabara za Rufiji. Pembeni ni mkewe na hirizi yake."

Nimempigia. Sijawahi kumpigia mtu niliye na hasira naye. Sauti ilinipanda.

"Mzee wangu, tulia. Ni utani tu. Watu wanapenda vitu vya ajabu."

"Mke wangu si kitu cha ajabu."

"Sijasema hivyo, mzee."

"Umeandika."

Kisha kasema, tena kwa upole: "Basi niambie, mzee wangu. Kama dereva ni mama, kwenye usukani umekaa wewe kwa nini?"

Nikakata simu.

Msikitini sikusikia hotuba hata neno moja.

Ilikuwa hivi. Niandike, hakuna atakayesoma. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Tulipotoka majini kulikuwa na bwana mmoja wa mradi, ana kamera. Akafurahi kuona gari limevuka. Akasema, "Bwana, kaa kwenye usukani, bibie asimame pale mbele." Wenzangu wa ghalani walikuwa wamesimama kando ya barabara wanatutazama. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa abiria kama gunia. Nikahama. Tatu akashuka, akacheka, akaniambia, "Kaa, ila usiguse kitu." Mikono yangu kwenye picha inaonekana imeushika usukani barabara. Ilikuwa inaogopa kugusa kingine.

Hilo lingeweza kuwa mchezo. Lakini picha ikawekwa ukutani sebuleni. Wageni wakawa wanasema, "Ala, Mbonde, kumbe ulikuwa dereva?" Na mimi nikawa najibu, "Zamani hizo."

Zamani hizo. Miaka yote. Tatu yuko jikoni, anasikia, pazia tu katikati. Hakutoka hata mara moja kusema siyo. Mlio wa nazi unasimama kidogo, kisha unaendelea.

Nimemchukia Shomari siku tatu. Alichoandika kwenye bango nilikisema mimi kwanza.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudi. Miguu inauma. Niandike kabla sijasahau mpangilio.

Nilikwenda na Hadija. Mkanda kwenye mfuko. Magari yamepangwa karibu na stendi, vumbi, vijana wanapiga picha. Bango limefungwa kwenye nguzo mbili. Tumo kona ya juu, tumekuzwa. Uso wa Tatu mkubwa kuliko kichwa changu. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Hadija akamwambia Shomari mimi ni nani. Mnene, mchangamfu, akanikumbatia kabla sijasema kitu. "Simba wetu huyu hapa! Mpigieni makofi!" Wakapiga. Wakanishika mkono hadi kwenye Landrova moja ya kijani. "Panda mzee, shika usukani, tukupige picha."

Kitasa cha mlango wa dereva kilikuwa kama cha ile yetu. Nilikigusa, nikakiacha. Nikazunguka mbele ya gari, nikafungua mlango wa kushoto, nikakaa.

Wakacheka. "Mzee kasahau upande!"

"Sijasahau," nikasema. "Huu ndio upande wangu."

Nikautoa mkanda mfukoni, nikautundika kwenye usukani. Wengine wakaendelea kucheka. Mzee mmoja akasogea, fundi wa Ikwiriri, Fundi Ngwele wanamwita, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Akauchukua, akaugeuza, akaupima kwa shubiri.

"Wa 109 huu. Nani alikuwa akiuvua?"

"Mke wangu."

"Kwa bisibisi?"

"Kwa mpini wa upawa. Alikuwa na upawa chini ya kiti. Bisibisi alikuwa hataki hata kuiona karibu na mkanda."

Fundi Ngwele akawageukia wale wengine. "Bisibisi inaukata mkanda pembeni. Unavuka salama, kesho yake unakatikia porini. Hilo hulijui mpaka likukute." Akamtazama Shomari. "Huyo mama alikuwa dereva. Na alikuwa fundi."

Nilidhani ndiyo basi. Shomari hakuwa amemaliza, au labda alitaka kujua kweli. "Sasa mzee, mbona hukusema mapema? Mbona kwenye picha umekaa wewe?"

Hadija alikuwa pembeni yangu. Yeye pia alikuwa hajui.

Nikawaambia. Niliona haya kukaa upande wa abiria mbele ya wanaume wenzangu. Nikawaambia na habari ya wageni, na nilivyokuwa nikiwajibu. Nilisema kwa sauti, nimekaa mlemle ndani ya gari. Hakuna aliyecheka. Hadija alinitazama, akatazama bango. Nadhani atasema lake siku moja. Ana haki.

Nikashuka nikaomba kalamu nene. Kijana mmoja muuza vibandiko akanipa. Shomari akaanza, "Mzee wangu, bango la watu hilo, tuna vituo vingine mbele."

"Mwache," Fundi Ngwele akasema.

Hadija akanishikia kigoda. Nikayakata kwa wino maneno yao yote, hirizi na simba. Nikaandika chini yake:

"Dereva: Tatu binti Mtupa. Mkononi ni mkanda wa feni. Aliyekaa kwenye usukani ni abiria wake."

Mstari wa mwisho umeshuka kama unateleza. Unasomeka.

Shomari akausoma kwa sauti. Akasoma tena. Akasema, "Mama yetu huyu tungemuuliza mambo mengi." Nikamwambia alikuwemo kwenye grupu lake miaka mitatu. Simu iliyotuma picha ni yake. Alikuwa anayajibu maswali yao yote. Jikoni.

Shomari akaitoa kofia yake, akairudisha.

Wakaondoka kuelekea kusini, kwenye daraja la Rufiji. Bango wamelifunga ubavuni mwa lori. Tatu kaondoka nalo, kwenye bampa, mbele.

Hasira bado ipo. Imepungua upande wao tu.

Jumatatu, 11 Agosti

Swala, chai, mchicha.

Shomari katuma picha ya juzi. Mimi upande wa kushoto, kiti cha dereva kitupu, mkanda kwenye usukani. Hakuweka swali. Watu wameandika majina ya wanawake waliowajua, walioendesha magari. Mama mdogo wa mmoja, trekta. Bibi wa mwingine, lori la chumvi. Nimeyasoma yote.

Ukutani sebuleni picha ipo palepale. Hadija jana kaandika kikaratasi, kakibandika chini yake. Maneno yaleyale ya kwenye bango, kwa mwandiko ulionyooka.

Mkanda nimeurudisha kwenye msumari wake.

Mchana wametuma swali jipya, taa ya lori iliyo upande mmoja tu. Nimelisoma kwa sauti jikoni. Nimesubiri kidogo.

Kisha nimeivuta mbuzi yake ya kukunia nazi, nimeikalia, nimekuna. Nusu nazi imenichukua muda mrefu. Nilikuwa sijui kama inauma kiunoni hivi.